Tutaje ila ya tabo kabla ya kutaja bei



Mtaani Buyenzi, hapa Bujumbura, gereji na maduka ya vipuri yanalisha familia nyingi za Kiislamu, na vijana wetu wengi hujifunza ufundi humo. Basi tuulizane: tunapomuuzia mtu tabo iliyotumika, ili alipe gari lake nguvu zaidi, tunamdai bei tu au naye anatudai ukweli?

Tabo si bampa. Huzungushwa na moshi wa ekzosi zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na hulainishwa na oili ya injini. Sili zake zikifa, oili huingia ndani ya injini. Injini ya mazutu inaweza kuichoma oili hiyo kama mafuta, ikaendelea kukimbia hata ufunguo ukizimwa, mpaka ivunjike. Mwenye hasara ni baba ambaye gari hilo ndilo linalolipa minervali ya watoto.

Nayo ila hiyo hufichika kwa urahisi. Tabo ikioshwa na kupulizwa rangi ya fedha, hung'aa kama mpya. Kisha husemwa, "Nauza kama ilivyo." Sisi tunasema neno hilo halimwokoi anayeijua ila na kuinyamazia.

Imo katika Sahih Muslim habari ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu. Muuzaji alisema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, akaonya kuwa mdanganyifu si katika wafuasi wake. Mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lilikuwa kuificha. Vivyo hivyo, tabo kuchakaa si kosa la muuzaji.

Wako wanaosema mnunuzi alete fundi wake. Na amlete! Lakini ila iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha mali, awe na fundi au asiwe naye. Wengine huhofu bei itashuka. Itashuka, na hiyo ndiyo bei yake ya haki.

Kwa hiyo tuzoee haya:

1. Tuseme imetoka kwenye injini gani, na kwa nini iling'olewa.

2. Tumwache mnunuzi aitikise shafti. Kucheza kidogo sana ubavuni ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma, imechoka.

3. Aone mapanga na alama za oili kabla hatujaiosha.

4. Kama injini yake haikuundwa kwa tabo, mfano 1HZ ya Land Cruiser, tumwambie kuwa joto litazidi na injini inaweza kuharibika.

Vijana mnaojifunza kazi, msikubali kutumwa kupaka rangi juu ya ila. Mkono unaozoea hilo kwenye tabo utalizoea kwenye breki.

Allah atujaalie riziki ya halali yenye baraka. Aamiin.