Jina Lililokatwa kwenye Nota



Wapendwa waamini, juma hili tulivuka kwa mashua kwenda kusali na ndugu zetu wa kigango kimoja huku delta ya Rufiji. Tukiwa kati ya mikoko, mwalimu wa kwaya alitukabidhi nakala ya wimbo mpya wa matoleo. Nota zilisomeka vizuri, lakini pembe ya juu ya karatasi, mahali panapoandikwa jina la mtunzi, ilikuwa imekatwa. Tulipouliza, tulijibiwa: "Baba, karatasi haikutosha. Tena wimbo ni wa Mungu." Kwaya ilikusudia kuurekodi na kuuza nakala zake, ipatikane fedha ya mabati ya kigango.

Nia ni njema. Hata hivyo, tunaona kuwa jibu lile halitoshi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 haikutungwa kuwafunga watu mikono. Imeacha milango wazi: mtu anaweza kunakili kazi kwa matumizi yake binafsi, anaweza kunukuu sehemu yake kwa kiasi cha haki, mwalimu anaweza kuitumia kama kielelezo cha kufundishia. Lakini anayenukuu au kufundisha anatakiwa kutaja chanzo na jina la mtunzi. Tena kwaya nzima si mtu mmoja, na kuuza si matumizi binafsi. Huko mlango umefungwa, na ufunguo anao mtunzi.

Wengine watasema kwamba sheria hii ni ya wasanii wa Dar es Salaam, haituhusu sisi wa Kibiti. Sivyo. Sheria hiyohiyo inalinda pia sanaa za jadi. Ngoma na hadithi za Wandengereko na Warufiji zinaweza kuchezwa na kusimuliwa na wenyewe, katika mila zao, bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini anayezichukua nje ya mazingira yake ya asili ili ajipatie faida anahitaji kibali cha mamlaka husika. Je, tungefurahi kusikia ngoma ya bibi zetu ikiuzwa mjini bila hata kutajwa imetoka wapi? Basi, tusimtendee mtunzi wa mbali jambo ambalo lingetuumiza sisi.

Ni kweli kwamba karama ya kutunga hutoka kwa Mungu. Mpunga nao hutoka kwa Mungu, na mvua iuoteshayo ni yake. Lakini hakuna mkristo anayevuna shamba la jirani usiku, akapeleka gunia altareni, akaliita sadaka. Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake alikiri kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake. Mtunzi aliyekesha akipanga sauti nne ni mtenda kazi.

Nasi tukiri kosa letu. Tumewahi kusoma mimbarini mawazo ya padre mwenzetu, neno kwa neno, bila kumtaja. Kunukuu kuliruhusiwa, kunyamaza juu ya jina lake hakukuruhusiwa. Tulipokea sifa isiyo yetu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, kila nakala ya nota parokiani na vigangoni iwe na jina la mtunzi, hata kama ni la kuandika kwa kalamu. Pili, kabla ya kurekodi na kuuza, kwaya imtafute mtunzi na kupata ruhusa yake kwa maandishi. Palipo na utata, tuiulize Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA). Huenda mtunzi akaitoa bure, maana watunzi wengi wa nyimbo za Kanisa hutunga kwa upendo. Lakini zawadi hutolewa na mwenyewe, haichukuliwi.

Mabati tutayapata. Mwalimu ameahidi kuanza kumtafuta mtunzi juma hili.

Tunawatakia Dominika njema.