Mtoto Mwenye Selimundu Naye Apelekwe Matembezini

Sikukuu za Idi na Krismasi zinapowadia, familia nyingi za Dar es Salaam huwatoa watoto matembezini. Wapo wanaokwenda ufukwe wa Coco kula mihogo na kunywa madafu, wapo wanaokwenda Kijiji cha Makumbusho, na wapo wanaotosheka na kivuli cha Mnazi Mmoja. Katika baadhi ya nyumba, mtoto mmoja hubaki. Ndugu zake huondoka, naye huachwa na bibi au dada wa kazi kwa sababu ana selimundu. Hofu ya wazazi hao ina msingi. Uamuzi wanaoufikia ndio wenye kasoro, na sehemu ya lawama ni ya wahudumu wa afya.

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu, zinapopungukiwa oksijeni, hugeuka umbo na kuwa kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo na kuleta maumivu makali. Vichochezi vyake vinafahamika: upungufu wa maji mwilini, baridi, uchovu uliopita kiasi na maambukizi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuiwa na paa la nyumba. Mtoto asiyekunywa maji ya kutosha chumbani yumo hatarini kuliko yule anayecheza bustanini akiwa na chupa yake mkononi.

Kumfungia mtoto ndani nako kuna gharama. Shirika la Afya Duniani hupendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya mwili kila siku, na mwongozo wake wa mwaka 2020 umewagusa pia wanaoishi na ulemavu. Kwa mtoto mwenye selimundu kiwango hicho hupimwa kwa uwezo wake, lakini hakifutwi. Kucheza humjengea misuli, usingizi na marafiki. Anayekatazwa kila siku hujifunza kujiona mgonjwa kabla ya kujiona mtoto, na ndugu zake hujifunza kumwona hivyo hivyo.

Kosa huanzia kliniki. Foleni ni ndefu, muda ni mfupi, na mzazi huambiwa, “Asicheze sana, asichoke.” Akifika nyumbani, lililobaki masikioni ni “asicheze”. Ushauri wa namna hiyo humlinda aliyeutoa kuliko aliyepewa. Mzazi anahitaji maelekezo anayoweza kuyatekeleza.

Aelezwe kwamba saa nzuri za matembezi ni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri, jua linapokuwa limepungua ukali. Mtoto anywe maji kidogo kidogo tangu kabla ya kutoka, bila kungoja kiu. Figo za wenye selimundu hushindwa kuukoleza mkojo vizuri, kwa hiyo mtoto hukojoa mara nyingi na hukaukiwa maji upesi kuliko wenzake. Kumkaripia kwa kwenda haja mara kwa mara ni kumfundisha kuacha kunywa.

Baharini, maji ya Dar es Salaam kwa kawaida ni ya uvuguvugu. Hatari kubwa ni upepo unaompiga mtoto akiwa na nguo mbichi. Aogelee kwa muda mfupi, akaushwe mara moja, avalishwe nguo kavu. Apumzike anapohisi kuchoka, asishurutishwe kushindana. Mwenye bandama iliyovimba aepushwe na michezo ya kugongana. Dawa zake za kila siku zisirukwe kwa sababu ya sherehe, na ile ya maumivu aliyoandikiwa na daktari iwemo mkobani. Jioni ikiingia, avae nguo ndefu kujikinga na mbu, maana malaria kwake ni hatari kubwa.

Zaidi ya yote, mzazi azijue dalili za kukatisha matembezi na kwenda hospitali moja kwa moja: joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kupauka ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au maumivu yasiyotulia kwa dawa. Mzazi anayezijua dalili hizi humtoa mtoto wake kwa utulivu, asiyezijua humficha.

Wapo watakaosema kwamba matembezi ni anasa ya wenye gari na fedha. Kivuli cha mti, mpira wa makaratasi na chupa ya maji iliyojazwa nyumbani havihitaji utajiri. Vinahitaji mahali. Hapa ndipo wajibu unapohama kutoka kwa mzazi kwenda kwa jiji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa wa Dar es Salaam, na watoto wao wanahitaji viwanja vyenye miti, maji safi na vyoo vinavyofunguliwa. Choo cha bustani kinapofungwa kwa kufuli, mtoto mwenye afya hujibana. Mwenye selimundu huacha kunywa maji, na usiku huo huo anaweza kulazwa. Kwa hiyo wahudumu wa afya wana sababu ya kitaalamu ya kusema kiwanja cha mtaa kinapogawiwa kwa ajili ya ujenzi.

Yapo yanayowezekana tangu kliniki ijayo. Baada ya kuuliza kuhusu homa, maumivu na dawa, mhudumu aongeze swali moja: mara ya mwisho mtoto huyu alitoka kucheza lini? Jibu liandikwe kwenye kadi pamoja na uzito wake. Jibu likiwa “hatoki”, hilo nalo ni tatizo la kutibiwa, na tiba yake ianze kwa kumweleza mzazi namna ya kumtoa salama.