Mtoto wa Mbwa au Mbwa Mzima?

Mtu akitaka kununua ng'ombe wa maziwa huuliza maswali mengi. Huuliza amezaa mara ngapi, hutoa maziwa kiasi gani, na mama yake alikuwa wa namna gani. Akitaka baiskeli huyazungusha magurudumu na kuzijaribu breki. Lakini mtu yule yule akitaka mbwa, mara nyingi haulizi neno. Humwona mtoto wa mbwa mnene, mwenye manyoya mororo, akamtia kikapuni na kwenda naye nyumbani. Mashaka huanza baadaye, na mashaka hayo yaweza kudumu miaka 10 au zaidi, maana mbwa aliyetunzwa vyema huishi muda huo.

Ziko njia mbili za kupata mbwa. Ya kwanza ni kununua au kupewa mtoto wa mbwa. Ya pili ni kumchukua mbwa aliyekwisha kukua, ambaye alipotea au alitupwa na mwenyewe, kisha akaokolewa na kutunzwa na watu wenye kazi hiyo. Katika Kenya chama kinachojulikana sana kwa kazi hiyo ni KSPCA, ambacho chanzo chake ni mwaka 1910, na makao yake yapo Nairobi. Walakini watu wengi huidharau njia hii ya pili. Husema kwamba mbwa wa namna hiyo ni koko tu, na kwamba asingalitupwa kama tabia yake ingalikuwa njema. Tena hutaja methali isemayo, "Samaki mkunje angali mbichi."

Methali hiyo ni ya kweli, lakini samaki hajikunji mwenyewe. Mtoto wa mbwa huizoea dunia hasa tangu juma la 3 hadi juma la 14 hivi baada ya kuzaliwa. Katika siku hizo akiwaona watoto, wageni, kuku, mbuzi na magari, naye asitendewe ubaya, atavizoea vyote na hataviogopa atakapokuwa mkubwa. Akikaa peke yake amefungwa kamba nyuma ya jiko, nafasi hiyo humpita, na kuirudisha ni kazi ngumu. Zaidi ya hayo, hafai kutengwa na mama yake kabla hajatimiza majuma 8. Hupaswa kulishwa mara tatu au nne kila siku, kupewa dawa ya minyoo mara kwa mara, na kudungwa sindano za kinga zaidi ya mara moja mpaka apate miezi minne hivi. Asipodungwa, ugonjwa wa pavo, wenye kumfanya atapike na kuhara damu, waweza kumwua kwa siku chache.

Mathalan karani anayeishi mjini katika nyumba ya kupanga. Hutoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda kazini na kurudi saa moja usiku. Mke wake naye ana kazi, na watoto wako shuleni. Karani huyu akinunua kijibwa kutoka kwa wale wanaowauza ndani ya maboksi kando ya barabara, hajui kama kimetimiza majuma 8, wala hajamwona mama yake. Mchana kutwa hakuna wa kukifundisha wapi pa kwendea haja, wala wa kukikataza kutafuna viatu. Basi hufungwa mnyororo. Kwa kufungwa hubweka, na kwa kubweka majirani hunung'unika. Baada ya mwaka mmoja amekuwa mbwa mkubwa, mwenye woga na mwenye kuuma. Siku moja mnyororo hufunguliwa, lango likaachwa wazi, na jambo hilo likahesabiwa kuwa limekwisha.

Kumbe halijakwisha. Mbwa yule hujiunga na wengine kwenye majaa ya takataka, na akiwa jike huzaa huko. Hivyo wengi wa wale wanaodharauliwa kwa jina la koko hawakuanzia porini. Walianzia katika nyumba za watu waliopenda kijibwa lakini hawakuwa na wakati wa kumlea mbwa.

Hatari yake ni kubwa kuliko kelele za usiku. Kichaa cha mbwa kiliandikwa katika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyepatikana karibu na Nairobi, na tangu wakati huo hakijaondoka. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 hivi kila mwaka duniani, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Miongoni mwa kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wapatao wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, ni nadra sana apone. Isidhaniwe pia kuwa kijibwa hakiwezi kuwa na ugonjwa huu kwa sababu ya udogo wake. Kinaweza.

Basi karani wa mfano huu angefanya vyema kumtafuta mbwa mzima. Ukubwa wake waonekana, na chakula chake chaweza kukadiriwa kabla hajafika nyumbani. Watunzaji wake wamekwisha kumwona akila, akicheza na akikutana na wageni, nao waweza kueleza tabia yake. Katika makao mazuri huwa amechanjwa na kufungwa kizazi kabla ya kutolewa. Walakini njia hii nayo ina masharti yake. Mambo yaliyompata mbwa huyo zamani huenda hayajulikani. Kwa hiyo anayemtaka aende kumtazama zaidi ya mara moja, na watoto wake wawepo. Aombe kumtembeza kwa kamba. Aulize kama huwavumilia watoto, na kama hukimbiza kuku. Akishamchukua, asitazamie mapenzi siku ya kwanza. Mbwa huyo hupaswa kuachwa atulie, alishwe kwa saa zile zile na mtu yule yule, wala watoto wasimguse anapokula au anapolala. Wengine huzoea kwa majuma machache, na wengine huhitaji miezi.

Kwa mkulima shauri laweza kuwa jingine. Shambani yuko mtu mchana kutwa, na mara nyingi kijibwa huweza kupatikana kwa jirani ambaye mbwa wake jike anajulikana kwa utulivu na ulinzi. Hapo ile methali ya samaki hupata mahali pake. Nchini Namibia, tangu mwaka 1994, shirika liitwalo Cheetah Conservation Fund limekuwa likiwapa wafugaji watoto wa mbwa wakubwa ambao asili yao ni Uturuki. Vijibwa hivyo hukuzwa katikati ya mbuzi na kondoo, hata hulihesabu kundi kuwa jamaa yao na kulilinda wakiisha kukua. Kwa njia hiyo duma hufukuzwa, na mfugaji hana haja ya kumpiga risasi. Mkulima wa Kenya si lazima aagize mbwa kutoka mbali ili kuifuata kanuni hiyo. Mbwa wa kienyeji aliyelelewa kwa uangalifu hustahimili jua, na hutosheka na chakula kisicho cha gharama kubwa.

Njia yo yote itakayochaguliwa, jambo moja halina hiari. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa afikapo miezi mitatu, arudiwe baada ya mwaka mmoja, na baadaye kama daktari wa mifugo atakavyoagiza. Wataalamu wamethibitisha kwamba mbwa 70 katika kila mia wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Serikali ya Kenya mwaka 2014 iliweka mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, lakini mpango huo hauwezi kumshika mbwa aliyefichwa nyuma ya nyumba siku ya chanjo. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Inafaa, basi, kabla ya shilingi kutolewa, mume na mke wakae pamoja na kujibu maswali machache. Ni nani atakayekuwapo nyumbani saa sita mchana? Ni nani atakayempeleka mbwa kuchanjwa, na fedha zitatoka wapi? Jamaa ikihama nyumba, je, mbwa atahama nayo? Wenye majibu ya maswali hayo na wakati wa kutosha, na wachukue kijibwa na kukilea. Wenye majibu lakini wakati wao ni mchache, mbwa mzima awangoja. Wasio na majibu na waendelee kutumia kufuli imara mpaka watakapoyapata.