Bi Harusi, Hiyo "Mojito Halali" Ya Nini?



Msimu wa shughuli umeingia, na kila bi harusi anayenionyesha mpango wake wa ukumbi siku hizi ana kitu kipya ndani: meza ya "kokteli halali". Taa za rangi chini ya meza, glasi za miguu mirefu, msichana mwenye aproni nyeusi anatikisa kikopo cha chuma, na kwenye kibao majina yamepangwa: mojito, pina kolada, Long Island. Lipo na jingine siwezi kuliandika hapa, linataja ufukwe pamoja na jambo ambalo mama mkwe wako hafai kulisoma mbele za watu. Bi harusi anaambiwa, usijali, haina kilevi.

Mie nasema meza hiyo iondoeni.

Tuelewane kwanza. Sisemi maji ya ndimu na nanaa ni haramu. Hakuna mwenye ruhusa ya kuharamisha alichokihalalisha Allah, na wale wanaowatia watu motoni kwa glasi ya juisi nao wapumzike. Ninachokipinga ni kuazima jina la pombe, sura ya pombe na madaha ya pombe, tukavipeleka kwenye shughuli iliyofunguliwa kwa khutba ya nikaha.

Chukua hiyo Long Island. Ni kinywaji cha Marekani, kinasifika kwa ukali wake: vodka, jini, ramu nyeupe, tekila na pombe tamu ya machungwa, vyote glasi moja, halafu ndimu, shira ya sukari na kola juu. Jina lake kamili linadai ni chai ya barafu, na ndani hamna hata jani moja la chai! Sasa vitoe hivyo vitano vilivyo haramu. Kimebaki nini? Kola na ndimu. Shoga yangu, unamlipa mtu pesa za mahari yako akuuzie soda ya dukani iliyokamuliwa ndimu, kwa sababu tu imevishwa jina la walevi. Mojito nayo ni ya Kuba, na kilichoifanya iwe mojito ni ramu. Ukiitoa ramu, umebaki na ndimu, sukari na nanaa, ambavyo bibi yako alikuwa akivichanganya kabla hujazaliwa, na hakuhitaji kibao cha taa.

"Lakini Bi mkubwa, ni jina tu." Hili naambiwa kila siku. Basi fungua Suratul Baqara, aya ya 104. Waumini walikuwa wakimwambia Mtume (s.a.w.) "raainaa", wakimwomba awaangalie na awasubiri. Nia yao safi kabisa. Lakini walikuwepo waliolipinda neno hilo kwa kejeli, na Allah akawaamrisha waumini waliache, waseme "undhurnaa". Waliokuwa na nia njema ndio waliobadilishiwa neno. Sasa wewe na mimi ni nani hata majina kwetu yasiwe kitu?

Na sie tunaishi kisiwa cha hoteli. Mtoto wa miaka minane anayekimbilia meza ya harusi kuomba mojito, kesho keshamaliza skuli, kapata kazi Nungwi au Paje, na mojito ya huko ina ramu kweli. Ule mshtuko ambao ungemfanya arudi nyuma hatua moja, sie wenyewe tumeshamtoa, tena kwa vigelegele. Hapo ndipo moyo unaponiuma mie, kuliko hata pesa.

Wazee nao tunawaacha wapi? Kwenye shughuli moja nilikaa karibu na bibi wa bwana harusi. Kaletewa glasi ya rangi mbili ina kijiti na cheri, kaitazama, kaisukuma pembeni taratibu, akaomba maji. Hakugomba. Alikaa usiku kucha na chupa yake ya maji, katika harusi ya mjukuu wake.

Halafu lipo la viungo vyenyewe, na hapa bi harusi usimwachie mpambaji. Wachanganyaji wengi hutia matone ya kiungo kichungu kutoka kichupa kidogo. Kile maarufu cha Angostura kina kilevi asilimia 44.7. Bia zinazoitwa hazina kilevi, katika nchi nyingi huruhusiwa kubakiwa na hadi asilimia 0.5. Na "mvinyo uliotolewa kilevi" ulikuwa mvinyo kwanza, ndipo ukatolewa. Juisi ya zabibu yenye gesi ambayo haijawahi kuchachushwa ni kitu kingine. Soma lebo mwenyewe, kabla ya siku.

Wataniambia natetea ushamba. Haya, twende Madina. Katika Sahih Bukhari imo harusi ya Abu Usayd as-Saidi, aliyemwalika Mtume (s.a.w.). Mhudumu siku ile alikuwa bi harusi mwenyewe. Alikuwa ameloweka tende usiku kwenye chombo cha jiwe, na Mtume alipomaliza kula, akamnywesha maji yale. Kinywaji cha harusi cha bi harusi, kilichotengenezwa nyumbani kwa mkono wake, tunacho tayari! Ila hakina kijiti cha rangi.

Mie nakichanganya na ukwaju na tangawizi kali, maana wapenda ukali wapo. Tende laini nusu kilo, toa kokwa, loweka kwenye lita tatu za maji yaliyochemshwa yakapoa, funika, weka kwenye friji usiku mmoja. Asubuhi ponda kwa mkono, chuja kwa kitambaa. Ukwaju robo kilo roweka pembeni kwa lita moja ya maji moto, ukilainika fikicha na uchuje. Tangawizi mbichi ya urefu wa vidole viwili, twanga, kamua maji yake tu. Changanya vyote, tia hiliki iliyopondwa, chumvi chembe, na ndimu kwa kuonja. Sukari haihitajiki. Unapata glasi kama ishirini, na tangawizi ukiizidisha itawashika koo kuliko hiyo Long Island yao. Anayetaka baridi ya haraka ampe kazi muuza juisi ya miwa, kama wale wa Forodhani, aje na mashine yake ukumbini. Watoto watapanga foleni kuitazama.

Angalizo: maji ya tende kwa joto letu huchacha upesi. Loweka usiku, nyweni siku hiyo hiyo, yakae kwenye baridi muda wote. Ukiona povu juu na harufu imebadilika, mwaga, usionje.