Usinunue nyongeza ya nne, tafuta mtu wa tano

Wacha niseme tu. Kama uko na Catan na nyongeza zake tatu, na mnaocheza ni walewale wanne, hauhitaji boksi lingine. Unahitaji mtu wa tano.

Kuna jamaa wa mbogi yetu hapa Kisumu, upande wa Kondele, akipata doo kidogo anaagiza nyongeza. Ni mpaka itoke nje, kwa hivyo unalipia gemu, unalipia usafiri, na ushuru nao unakungoja. Sawa, doo ni yake. Shida ni Jumamosi. Kila tukikutana tunasomewa sheria mpya karibu saa nzima, na dada mmoja aliyekuwa anatufunga wote ameacha kuja. Alisema amechoka kuwa mgeni kila wiki. Manze, hiyo iliniingia.

Sio ati nachukia nyongeza. Catan ilitoka 1995 ikiwa ya watu 3 au 4. Mwaka uliofuata ikaja nyongeza ya kuifikisha watu 6, na hiyo nitaitetea popote, juu kwa bedsita za huku hakuna mtu hukuja peke yake. Seafarers inaleta meli na visiwa, na sisi watu wa ziwa tutakataaje? Lakini Cities & Knights inaondoa hadi zile kadi za maendeleo mlizozoea na kuweka zake. Hapo bana umenunua gemu ingine.

Kipimo changu ni hiki: kabla uagize, nitajie kitu gani kwa gemu ya kwanza mmekichoka. Si ulichoona YouTube. Mlichokichoka nyinyi, mkiwa mmekaa hapo. Ukikosa jibu, bado hamjaicheza.

Pita steji ya boda uone drafti: ubao, vizibo vya soda, kelele. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kuna wazee Lamu na Zanzibar wamelicheza maisha yote na bado wanafungwa. Wajaluo tuko na ajua yetu. Hakuna anayengoja mzigo ufike.

Na kama maboksi tayari yamejaa vumbi kwako, kuna vijana Nyalenda na Manyatta hawajawahi kuona Catan kwa macho. Azima mtu. Ama uza bei ya kutupa, inboksi yangu iko wazi. Mimi nataka ile ya watu 6 tu.