Gari la faiba halitaki haraka

Wadau, leo siasa naziweka pembeni. Nataka kuongelea rangi ya gari. Msicheke, hoja ipo.

Hapa Michigan nina jirani mzee mwenye Corvette ya mwaka 1966. Wengi tukisikia gari la zamani tunawaza kutu. Bodi ya hili haili kutu kwa sababu si bati, ni faibaglasi: nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu, kama boti za faiba. Kutu inakula fremu ya chuma iliyo chini. Corvette zina bodi ya namna hii tangu zile 300 za kwanza zilizotoka Flint, hapa hapa Michigan, mwaka 1953, zote nyeupe.

Marehemu kaka wa mzee ndiye aliyelipaka rangi nyekundu, uani kwao. Sasa rangi imepasuka. Mjukuu akashauri lipelekwe likapigwe mchanga kwa kompresa, rangi yote itoke siku moja. Mzee akakataa, wakanuniana wiki nzima.

Mimi niko upande wa mzee, na si kwa huruma. Mchanga unaosafisha bati vizuri unaichimba faiba na kuacha nyuzi wazi. Dawa nyingi za kubandulia rangi ya bati nazo zinailainisha gundi. Inatakiwa dawa maalumu ya faiba, au wembe wa kukwangulia taratibu, kisha msasa wa mkono. Na uvae barakoa, maana vumbi lake linawasha na si la kuvutwa.

Najua ninachosema kwa sababu nilikosea mwenyewe. Nilijitolea kusaidia, nikakandamiza mashine ya msasa kwenye ukingo wa mlango. Sekunde chache tu, nyuzi hizo nje! Mzee hakunigombeza. Alinipa kipande cha faiba na gundi, nikaziba mwenyewe jioni nzima.

Kijana ana hoja moja ya kweli: kupaka juu juu ni kujidanganya. Ufa ulioingia kwenye faiba yenyewe lazima uchimbwe mpaka palipo pazima, ujazwe faiba mpya. Ukiuficha kwa rangi utarudi. Lakini hiyo ni sababu ya kuchimba penye ufa, si kulichuna gari zima kwa pupa.

Kumbukeni jumba la makumbusho la Corvette kule Bowling Green, Kentucky. Tarehe 12 Februari 2014 ardhi ilititia, magari 8 yakatumbukia. Matatu yalitengenezwa, matano yakaachwa yalivyo. Kati ya yaliyotengenezwa limo la milioni moja, la mwaka 1992. Mafundi walikuta saini za wafanyakazi wa kiwanda kwenye vipande vyake, wakahangaika kuzihifadhi. Mtu wa haraka angezitupa pamoja na vipande vilivyovunjika.

Mzee na mjukuu wamepatana. Gari linakwanguliwa kwa mkono, Jumamosi hadi Jumamosi, na kijana ndiye anayeshika wembe. Chini ya boneti rangi nyekundu haiguswi, kwa sababu pale kuna alama za vidole vya marehemu zilizokaukia kwenye rangi. Mimi naona hivyo ndivyo inavyopaswa: toa kilichoharibika, kizima kiache.

Wewe una gari la baba au la babu uani? Kabla hujaita fundi, lizunguke kwanza ulitazame vizuri.

Tuko pamoja.