Cheti cha mtoto kisomwe pamoja na cheti cha shule

Kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yatangazwapo nchini, swali la kwanza huwa ni moja: nani ameongoza? Tulilizoea tangu enzi za KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Magazeti yalijaa orodha za shule bora, watoto walibebwa mabegani kwa nyimbo na vigelegele, naye mwalimu mkuu ambaye shule yake ilivuta mkia alitafuta njia ya uchochoroni ya kurudi nyumbani. Mwaka 2014, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Jacob Kaimenyi, alipiga marufuku orodha hizo. Orodha ziliondoka, lakini mazoea hayakuondoka.

Niliyaona mazoea hayo upya Desemba 2025, yalipotangazwa matokeo ya kwanza ya KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari msingi. Watahiniwa walikuwa zaidi ya milioni moja, wote wa kikosi kilichoanza mtaala wa umilisi mwaka 2019. Wanafunzi hawa hawakupewa alama za jumla kama ndugu zao wa KCPE. Kila somo lilipewa moja kati ya viwango vinane, kuanzia kile cha aliyezidi matarajio, chenye pointi 8, hadi kile cha aliye chini kabisa ya matarajio, chenye pointi 1. Masomo yakiwa 9, wazazi hawakukawia kupiga hesabu kuwa upeo ni pointi 72, na kabla jua halijatua walikuwa wakiulizana, "Wako ana ngapi?"

Sina ugomvi na mzazi anayeuliza. Ugomvi wangu ni na jibu tunaloridhika nalo. Shule ya umma ya kijijini ikipata matokeo duni katika Sayansi Jumuishi, tunasema watoto hawakusoma, au walimu ni wavivu, kisha tunafunga mjadala. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza shule hiyo ilipewa nini ili imfikishe mtoto kwenye hayo yanayoitwa matarajio. Matarajio ya nani, na kwa vifaa vipi?

Tukumbuke sekondari msingi ilivyozaliwa. Mpango wa awali ulikuwa watoto wa Gredi ya 7 wahamie katika shule za sekondari, ambako angalau maabara zilikuwapo. Mwishoni mwa mwaka 2022, kufuatia mapendekezo ya jopo la rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, iliamuliwa wabaki katika shule za msingi. Uamuzi huo ulikuwa na hekima yake, maana mtoto wa miaka 12 hakulazimika kwenda bweni. Lakini shule ya msingi haikuwahi kujengewa maabara, wala haikuwa na mwalimu wa fizikia. Tuliambiwa shule zitumie maabara za sekondari jirani. Ujirani huo, katika kaunti kame, waweza kuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na hao majirani nao wana wanafunzi wao wanaongoja zamu.

Walimu waliletwa, nalo hilo nalikubali. Ila wengi wao waliletwa kama wanagenzi, kwa ujira usiofika shilingi 20,000 kwa mwezi baada ya makato, na Mei 2024 walisusia kazi wakidai ajira ya kudumu. Kikosi kilekile kilichofanya mtihani mwaka 2025 ndicho kilichokaa madarasani bila walimu wakati wa mgomo huo, kikiwa Gredi ya 8. Je, majuma hayo yaliandikwa mahali popote kwenye cheti cha mtoto?

Niliwahi kuzuru shule mojawapo ya aina hii, na sitaitaja jina kwa kuwa zinazofanana nayo ni nyingi. Mwalimu wa sayansi alikuwa akifundisha asidi na besi. Hakuwa na kemikali hata tone. Alikuwa amewatuma wanafunzi wachume maua mekundu ya uani, akayaponda katika kinu kilichoazimwa jikoni, akachuja maji yake, kisha akadondoshea ndimu katika kikombe kimoja na maji ya jivu katika kingine. Rangi zilipobadilika, darasa zima lilipiga makofi. Nami nilipiga.

Wiki iliyofuata, aliniambia, somo lingekuwa umeme. Alikuwa na balbu moja ya tochi na betri mbili, na wanafunzi wake walikuwa zaidi ya sitini. Ua la uani halitoi umeme. Wanafunzi watano wa mbele wataunganisha nyaya, kumi watachungulia juu ya mabega ya wenzao, waliosalia watanakili mchoro ubaoni. Mwalimu huyo pia hufundisha Hisabati na Kilimo, na mwenzake anapokuwa mgonjwa humshikia hata Sanaa na Michezo. Mtihani ukija, mtoto wa safu ya nyuma katika darasa hilo na mtoto wa shule ya kulipiwa, mwenye sanduku lake la vifaa mezani, huulizwa swali moja kwa saa moja.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni visingizio, na kwamba zipo shule za umma maskini zilizofanya vyema. Ni kweli zipo, na ziheshimiwe. Tena nakiri kwamba katika baadhi ya shule mwalimu huwasili saa nne na kuondoka saa nane, na hakuna maabara itakayoponya ugonjwa huo. Lakini shule iliyofaulu kwa balbu moja ni ya kupewa balbu nyingine hamsini. Kuitumia kama hoja ya kuwanyima wenzake ni ukatili uliovishwa kanzu ya sifa.

Wako pia wanaotaka mitihani ya kitaifa ifutwe kabisa. Hao siandamani nao. Mtoto wa mkulima hana mjomba wa kumpigia simu mkurugenzi, na karatasi ya mtihani ndiyo shahidi wake pekee anayesikizwa mbali na nyumbani. Isitoshe, asilimia 60 tu ya matokeo hutokana na mtihani wenyewe wa KJSEA. Asilimia 20 hutoka katika tathmini ya Gredi ya 6, na 20 nyingine katika kazi zinazosahihishwa shuleni katika Gredi ya 7 na 8. Tukifuta mtihani tutabaki na alama za shuleni pekee, na sote twajua ni shule zipi zitakazoona kila mtoto wao amezidi matarajio.

Jambo linaloniumiza ni uzito wa matokeo haya. Ndiyo yanayosaidia kuamua mtoto wa miaka 14 au 15 aingie sekondari pevu ipi, na katika mkondo upi kati ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Serikali imesema inanuia wanafunzi 6 kati ya 10 wafuate mkondo wa sayansi. Nia njema hiyo. Lakini watatoka wapi, ikiwa safu ya nyuma haijawahi kugusa waya? Binti anayesomewa kiwango cha chini cha sayansi huamini kwamba sayansi si yake, na wazazi wake huamini hivyo pia. Hakuna anayemwambia kwamba kilichopimwa ni balbu.

Pendekezo langu halihitaji fedha nyingi. Siku matokeo yatakapotolewa tena, kila shule ya umma ichapishiwe ukurasa mmoja: ina walimu wangapi wa kila somo, ina maabara au haina, vitabu vinatumiwa na watoto wangapi kila kimoja, na mgao wa shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka ulifika lini na ulifika kiasi gani. Tume ya Kuwaajiri Walimu inayo hesabu ya walimu wake. Wizara inajua tarehe ilizotuma pesa. Takwimu zimo kabatini. Kinachokosekana ni mtu wa kufungua kabati hadharani.

Wizara ikisita, wazazi wasingoje. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upataji Habari ya mwaka 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 kujibu ombi. Barua yenyewe yaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na maswali yake ni yale manne niliyoyataja.